Akademia ya Darmstadt inamsaidia vipi mwandishi wa Kijerumani?

Katikati ya Machi 1933, waandishi waliokuwa wanachama wa kitengo cha fasihi cha Akademia ya Sanaa ya Prussia, mjini Berlin, walipelekewa karatasi ya kujibu ndiyo au hapana. Je, wako tayari kuendelea kuitumikia akademia, hali ya kihistoria ikiwa imebadilika? Mwenye kujibu ndiyo alikuwa anaahidi pia kwamba hatashiriki hadharani siasa zozote za kuipinga serikali. Hitler alikuwa na wiki sita tu madarakani. Heinrich Mann, aliyekuwa akikiongoza kitengo hicho, alishang'olewa mwezi Februari kwa kosa la kutia saini wito wa kuviunganisha vyama vya mrengo wa kushoto.

Aliyeiandika karatasi hiyo alikuwa mshairi mwenzao, Gottfried Benn. Thomas Mann alijiondoa. Alfred Döblin alijiondoa. Ricarda Huch, mwanamke aliyekaribia miaka 70 na ambaye hakuna aliyewahi kumwita mwanamapinduzi, alikataa kutia saini na kueleza wazi kwamba Ujerumani inayohubiriwa na serikali hiyo siyo Ujerumani yake. Miezi miwili haikupita, vitabu vikachomwa moto hadharani.

Anayetaka kuelewa akademia ya fasihi inawafanyia nini waandishi wa Kijerumani leo hana budi kupitia hapo. Taasisi iliyoundwa kuwalinda waandishi iligeuzwa, tena kwa mkono wa mwandishi, kuwa chombo cha kuwachuja. Akademia iliyokuja kuzaliwa baada ya vita ilirithi swali hilo: waandishi wanawezaje kuwa na nyumba yao, wakatumia fedha za umma kuiendesha, na bado wakabaki na kauli yao?

Akademia hiyo inaitwa Deutsche Akademie für Sprache und Dichtung, yaani Akademia ya Ujerumani ya Lugha na Fasihi. Ilitangazwa tarehe 28 Agosti 1949, siku ya kutimia miaka 200 tangu kuzaliwa kwa mshairi Goethe, ndani ya Paulskirche, kanisa la Frankfurt ambamo bunge la Wajerumani wote lilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1848. Mahali na siku vilichaguliwa kwa makusudi. Nchi ilikuwa magofu, imekatwa vipande, na waandishi wake wengi walikuwa wamekufa au wametawanyika uhamishoni. Mwaka 1951 ikahamia Darmstadt, mji wa jimbo la Hessen, kusini kidogo ya Frankfurt, ambao kitovu chake kiliteketezwa na mabomu ya Waingereza usiku mmoja wa Septemba 1944. Tangu mwaka 1971 ofisi zake zimo katika Glückert-Haus, nyumba ya mwanzoni mwa karne ya 20 kwenye kilima cha Mathildenhöhe.

Sasa, mtu wa kwanza kutunukiwa na akademia hiyo tuzo yake kubwa, Tuzo ya Georg Büchner, Oktoba 1951, alikuwa nani? Gottfried Benn. Yuleyule wa karatasi ya 1933. Ni kweli kwamba baadaye Wanazi walimgeuka, na mwaka 1938 wakampiga marufuku kuandika. Ni kweli pia kwamba mashairi yake ni miongoni mwa yaliyo bora kabisa katika Kijerumani cha karne iliyopita. Hata hivyo, kumweka yeye mbele wakati wenzake aliowafungulia mlango wa kutokea walikuwa bado wanahangaika ughaibuni ni uamuzi ambao mimi siwezi kuutetea. Döblin, kwa mfano, alirudi kutoka uhamishoni, akashiriki kuanzisha akademia nyingine mjini Mainz mwaka huohuo wa 1949, kisha mwaka 1953 akakata tamaa na kurudi Paris. Akademia ya Darmstadt ilichukua muda kujua inasimama upande gani. Naliona hilo kuwa sehemu ya historia yake, wala si doa la kufichwa.

Kabla ya kusonga mbele, tuondoe mkanganyiko mmoja. Msomaji wa Kiswahili anaposikia akademia ya lugha, huenda akaifikiria BAKITA, baraza lililoundwa kwa sheria ya Bunge la Tanzania mwaka 1967 na lenye mamlaka ya kusimamia istilahi na usanifu. Mwingine ataifikiria Akademia ya Ufaransa ya mwaka 1635, yenye viti 40 na kamusi yake rasmi. Akademia ya Darmstadt haifanani na yoyote kati ya hizo. Kisheria ni chama kilichosajiliwa, kama vyama vingine vya kiraia. Wanachama wake ni takriban 200: washairi, waandishi wa riwaya na tamthilia, wafasiri, wahakiki, wanaisimu, wanafalsafa na wanahistoria. Hakuna anayepeleka maombi ya kujiunga; wanachama waliomo ndio wanaochagua wapya. Fedha hutoka serikali kuu, jimbo la Hessen na mji wa Darmstadt, lakini haina mamlaka ya kumwamuru mtu yeyote aandike vipi.

Hilo lilionekana wazi wakati wa ugomvi wa tahajia. Mwaka 1996 Ujerumani, Austria, Uswisi na majirani kadhaa walitia saini mjini Vienna makubaliano ya kubadili kanuni za uandishi wa Kijerumani, na shule zikaanza kuzitumia kanuni mpya mwaka 1998. Waandishi wengi walikasirika. Gazeti kubwa la Frankfurter Allgemeine lilizijaribu, kisha mwaka 2000 likarudi kwenye tahajia ya zamani. Akademia, chini ya mwanahistoria Christian Meier, iliyapinga mabadiliko hayo, lakini haikuwa na rungu la kuyazuia. Ilichoweza kufanya ni kuandika pendekezo la maafikiano na kulitetea. Baraza la Tahajia ya Kijerumani lilipoundwa mwaka 2004, akademia ilipewa nafasi ndani yake, na kanuni zikarekebishwa mwaka 2006. Yaani iliingia kwa hoja pale ambapo haikuwa na amri.

Basi msaada wenyewe uko wapi? Kwa maoni yangu uko katika jambo moja: kauli ya wenzako, inayotolewa hadharani, ikifuatana na jukwaa la wewe kusema. Na mahali pa kuliona hilo ni Tuzo ya Georg Büchner.

Büchner alizaliwa mwaka 1813 huko Goddelau, kijiji kisicho mbali na Darmstadt. Mwaka 1834, akiwa mwanafunzi wa tiba, alishiriki kuandika kijitabu cha siri kilichowaeleza wakulima wa Hessen jinsi kodi zao zinavyoliwa na watawala, kikianza na wito wa amani kwa vibanda na vita kwa majumba ya kifalme. Alitafutwa na polisi, akakimbilia Strasbourg, na Februari 1837 akafa kwa homa ya taifasi huko Zürich akiwa na miaka 23. Aliacha maandishi machache mno, mojawapo tamthilia ambayo haikukamilika kuhusu askari maskini, na machache hayo yameitikisa fasihi ya Kijerumani hadi leo. Tuzo iliyobeba jina lake ilianzishwa mwaka 1923 na serikali ya Hessen kwa ajili ya wasanii wa aina zote wa jimbo hilo. Wanazi waliisimamisha. Akademia ilipoichukua mwaka 1951 iliifanya kuwa tuzo ya fasihi, na ikaondoa mpaka wa jimbo: sharti likawa mtu aandike kwa Kijerumani.

Leo fedha zake ni euro 50,000. Mwandishi hawezi kuiomba, wala mchapishaji hatumi kitabu kishindanishwe, kwa kuwa kinachopimwa ni kazi ya maisha na mchango wake katika utamaduni wa sasa. Jina hutangazwa wakati wa kiangazi, na tuzo hutolewa majira ya vuli katika ukumbi wa tamthilia wa Darmstadt. Hapo mtu mmoja husoma hotuba ya kumsifu mshindi, kisha mshindi naye anasimama na kusema. Kwa desturi husema akiwa na Büchner mbele yake: kijana aliyefukuzwa na dola hii, katika mji huuhuu. Ni vigumu kusimama chini ya jina hilo ukatoa shukrani tupu.

Hotuba inayotajwa kuliko zote ni ya Paul Celan, Oktoba 1960. Celan alizaliwa Czernowitz, mji uliokuwa Romania wakati huo na sasa uko Ukraine, katika familia ya Wayahudi waliozungumza Kijerumani. Wazazi wake walikufa katika kambi za Wanazi. Mama yake aliuawa kwa risasi. Yeye aliishi Paris, lakini aliendelea kuandika katika lugha ya mama yake, ambayo ilikuwa pia lugha ya wauaji wake. Mwaka uleule wa tuzo, mjane wa mshairi Yvan Goll alikuwa akieneza tuhuma kwamba Celan ameiba mashairi ya mumewe. Tuhuma hizo hazikuwa na msingi, ila magazeti yalizipa nafasi, na Celan akasikia ndani yake chuki ileile ya zamani dhidi ya Wayahudi. Waandishi wenzake, Ingeborg Bachmann na Marie Luise Kaschnitz wakiwemo, walijitokeza kumtetea. Akademia ilimpa tuzo, na ikamwagiza mtafiti azichunguze tuhuma hizo, uchunguzi ukamsafisha.

Hapo ndipo unapoona nguvu ya akademia na mpaka wake kwa pamoja. Ilimpa jukwaa ambalo kutoka kwake alitoa maelezo mazito kuhusu shairi kuwa ni safari ya kumwelekea mwingine, maelezo ambayo wanafunzi wa ushairi wanayasoma hadi sasa. Lakini uchunguzi wenyewe ulimuumiza, kwa sababu mtu asiye na hatia kuchunguzwa, hata kwa nia njema, ni jeraha. Alijiua Paris mwaka 1970. Tuzo haikuweza kumponya, na si haki kuidai hivyo. Iliweza tu kusema mbele ya watu, wakati jina lake linachafuliwa, kwamba huyu ni mshairi wetu.

Neno hilo, wetu, lina uzito wa pekee katika taasisi hii. Elias Canetti, aliyetunukiwa mwaka 1972, alizaliwa Bulgaria, lugha yake ya kwanza ikiwa Kihispania cha Wayahudi wa Balkani, na aliishi Uingereza kwa miongo mingi huku akiandika kwa Kijerumani. Terézia Mora, wa mwaka 2018, anatoka Sopron, Hungaria. Emine Sevgi Özdamar, wa mwaka 2022, alizaliwa Malatya, Uturuki, na alifika Berlin akiwa kijana, akafanya kazi kiwandani, akakijua Kijerumani ukubwani na kukiandika kwa namna ambayo hakuna mzawa aliyeiwaza. Ukiongeza Waswisi kama Max Frisch na Friedrich Dürrenmatt, na Waaustria kama Bachmann, Thomas Bernhard na Elfriede Jelinek, utaona kwamba jina la nchi lililo katika jina la akademia linapotosha kidogo. Nyumba hii ni ya lugha, na lugha haina pasipoti.

Ujerumani iliwahi kuwa na tuzo maalumu, Tuzo ya Adelbert von Chamisso ya wakfu wa Robert Bosch, kwa waandishi waliofika katika Kijerumani kutoka lugha nyingine. Ilianza mwaka 1985 na kufungwa mwaka 2017. Iliwafaa wengi, Özdamar akiwa mmoja wao. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kupewa tuzo ya wageni na kupewa ileile aliyopewa mwandishi mashuhuri Günter Grass. Kwangu mimi, hapo ndipo Darmstadt imefanya kazi yake iliyo bora: kumhesabu mtu wa pembezoni kuwa ni wa katikati, bila kumtengea mlango wa pembeni.

Tuzo nyingine za akademia hazisikiki sana nje ya Ujerumani, nami nitazitaja kwa kifupi. Ya Johann Heinrich Merck ni ya uhakiki na insha, na ya Sigmund Freud ni ya nathari ya kitaaluma. Mwaka 1967 ilikwenda kwa Hannah Arendt. Ya Friedrich Gundolf huwaendea wanaoeneza utamaduni wa Kijerumani nchi za nje. Na ya Johann Heinrich Voß, iliyoanza mwaka 1958, ni ya wafasiri. Hii ya mwisho inanigusa zaidi. Mfasiri ndiye anayeamua ni sauti gani za dunia zitasikika katika lugha yake, na mara nyingi jina lake haliwekwi hata kwenye jalada. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar ambaye riwaya zake zinagusa utawala wa Wajerumani Afrika Mashariki, alipopata Nobel mwaka 2021, vitabu vyake vilivyokuwa vimetafsiriwa kwa Kijerumani havikuwa vinapatikana tena madukani. Tafsiri ilikuwepo, kazi ya mtu ilikuwepo, lakini soko lilishaisahau. Taasisi inayomheshimu mfasiri haiwezi kulizuia soko, ila inaacha kumbukumbu kwamba kazi hiyo ilikuwa fasihi.

Kumbukumbu ni msaada pia, hata kwa wafu. Gertrud Kolmar alikuwa mshairi Myahudi wa Berlin. Alilazimishwa kufanya kazi katika kiwanda cha silaha, na mwaka 1943 akasafirishwa kwenda Auschwitz, ambako aliuawa. Dada yake aliyekuwa amekimbilia Uswisi aliokoa sehemu kubwa ya miswada yake. Mwaka 1955 mashairi hayo yalitoka katika mfululizo wa vitabu vya akademia. Miaka kumi baada ya vita, wakati Wajerumani wengi walitaka kunyamaza, si kila mchapishaji angeona faida katika kitabu cha namna hiyo.

Lawama zipo, na nyingine ni za haki. Kati ya 1951 na 1979 wanawake waliopata Tuzo ya Büchner walikuwa wawili tu, Kaschnitz mwaka 1955 na Bachmann mwaka 1964. Christa Wolf, aliyekuwa akiishi Ujerumani Mashariki, aliipata mwaka 1980. Herta Müller, mwandishi wa Kijerumani kutoka Romania, alipata Nobel mwaka 2009 bila kuwahi kupewa Büchner. Wanachama wanapochagua wanachama, ni rahisi watu wakachagua wanaofanana nao, na kosa likajirudia kwa miongo bila mtu kukusudia.

Ukaribu na dola nao haujaacha kuleta mvutano. Mwaka 1979 Thomas Bernhard alijiondoa kwa hasira baada ya akademia kumfanya Walter Scheel, aliyekuwa rais wa Jamhuri ya Shirikisho, kuwa mwanachama wa heshima. Mwanasiasa anafanya nini katika chama cha waandishi? Bernhard alikuwa mtu wa kutia chumvi, lakini swali lake lilikuwa lilelile la 1933 likiwa limevaa nguo za amani, na chama cha waandishi kinachopokea fedha za serikali kinapaswa kuulizwa hivyo mara kwa mara. Mwandishi wa Austria, Peter Handke, alirudisha fedha za tuzo yake mwaka 1999 kwa kupinga NATO kuishambulia Serbia. Mtu anaweza kuupinga msimamo wa Handke kuhusu Serbia, kama ninavyoupinga mimi, na bado akatambua kwamba taasisi iliyo hai huvumilia kurudishiwa bahasha yake.

Kisha kuna suala la tumbo. Tuzo ya Büchner huja mwandishi akiwa ameshajijenga. Elke Erb alikuwa na miaka 82 alipoipata mwaka 2020. Kijana mwenye mswada wa kwanza na kodi ya nyumba ya kulipa hawezi kuitegemea, na tusiisifu akademia kwa kazi inayofanywa na wengine. Kinachomfanya mwandishi wa Ujerumani aweze kuishi ni mtandao wa sheria na mifuko. Kuna hifadhi ya jamii ya wasanii, iliyoanza kazi mwaka 1983, ambayo mwandishi wa kujitegemea huchangia nusu tu ya bima yake ya afya na pensheni, nusu nyingine ikilipwa na wachapishaji na wengine wanaotumia kazi za wasanii, pamoja na serikali kuu. VG Wort, chama kilichoanzishwa mwaka 1958, hukusanya malipo kwa niaba ya waandishi pale kazi zao zinaponakiliwa au kuazimwa maktabani. Sheria ya bei ya vitabu inalitaka kila duka kuuza kitabu kipya kwa bei moja, hivyo maduka madogo hayauawi na makubwa kwa punguzo. Na kuna Deutscher Literaturfonds, mfuko ulioanzishwa mwaka 1980, unaompa mwandishi ruzuku ya kila mwezi ili akae chini amalize kitabu.

Mbali na hayo kuna mashindano ya kuwaibua wapya. Mji wa Darmstadt wenyewe una Tuzo ya Leonce-und-Lena kwa washairi vijana, na Klagenfurt nchini Austria kuna shindano la tangu 1977, lenye jina la Bachmann, ambamo waandishi husoma kazi zao mbele ya majaji nao majaji huzijadili papo hapo, kamera zikiwaka. Özdamar alishinda huko mwaka 1991, Mora mwaka 1999. Darmstadt iliwaita miaka mingi baadaye, vitabu vikiwa vimeshaandikwa.